Kijiti cha Mkuu wa Kaya

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake halitaandikwa hapa. Si kwa uoga. Jina lilipelekwa Wizara ya Uhakiki likahakikiwe kama kweli ni la nchi hiyo, na mpaka leo halijarudi. Wananchi wanaishi hivyo hivyo. Wakiulizwa wanatoka wapi wanasema "kule kwetu," na mambo yanakwenda.

Kule kwao kulikuwa na desturi iliyoshikwa kuliko hata dini. Kila kitu cha nyumba kiliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya. Mbuzi alikuwa wa mkuu wa kaya. Chandarua kilikuwa cha mkuu wa kaya. Mbegu za maboga za serikali zilikuwa zake pia, hata kama hajui jembe linashikwa upande gani. Mwaka ilipoingia surua, watoto walichanjwa, lakini daftarini waliochanjwa walikuwa baba zao. Hakuna aliyelalamika. Surua yenyewe haikulalamika.

Na desturi hiyo ilikuwa na ndugu yake wa tumbo moja: daftari halikosei. Daftari likitofautiana na mtu, anayerekebishwa ni mtu.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Havijawa, mke wa Kitwana, fundi wa majiko ya bati. Havijawa aliishia darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kuchambua mchele wa mama lishe wa sokoni. Asubuhi mpaka alasiri alikaa na ungo mapajani, macho chini, vidole vinatembea. Mtu akichambua mchele miaka tisa hujifunza jambo moja: jiwe linalovunja jino si lile jeusi. Ni lile jeupe, lililojifananisha na mchele. Kwa hiyo Havijawa hakuwa mwepesi wa kuamini kitu cheupe.

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Mkuu alipokwenda kufungua shule. Alikuta darasa moja lina watoto mia na arobaini, wengine wametua dirishani kama kunguru. Akauliza, "Hawa wote wametoka wapi?" Swali hilo likaundiwa tume. Tume ikakaa miezi kumi na minane, ikazuru nchi nne za ng'ambo, ikarudi na jibu lililojaladiwa kwa ngozi: watoto wanatoka kwa wazazi.

Nchi nzima ikashtuka. Ukatangazwa Mwaka wa Wajibu wa Pamoja, na kila nyumba ikatakiwa ieleze inapangaje uzazi.

Kwao Havijawa alikuja Bwana Mwinshehe, Mhakiki wa Kata. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, inayoandika ni moja, na daftari alilibeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, Bwana Mhakiki."

"Sikai. Nyumba hii mnatumia nini kupanga uzazi?"

"Kijiti."

"Kipo wapi?"

Havijawa akaweka ungo chini, akanyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha ndani juu ya kiwiko. "Hapa."

Bwana Mwinshehe aliutazama mkono ule kama mnunuzi anavyotazama kuku wa mtu, kisha akaandika. Havijawa alikuwa upande wa pili wa daftari, lakini jicho la ungo halichagui upande. Alisoma maandishi yakiwa kichwa chini miguu juu: *Kitwana Sefu, mwanamume, miaka thelathini na minne, kijiti, mkono wa kushoto.*

"Bwana Mhakiki, umemwandika baba Riziki."

"Ndiye mkuu wa kaya."

"Lakini kijiti kiko kwangu."

"Kimehifadhiwa kwako," akasema Bwana Mwinshehe kwa upole, kama mwalimu wa watoto. "Mbuzi wenu mmemfunga wapi?"

"Kwenye mpera."

"Sasa huyo mbuzi ni wa mpera?"

Havijawa akaokota ungo wake. Hakuwa amekubali. Alikuwa ameona jiwe, ila bado hajui litaangukia jino gani.

*

Hesabu za nchi zilipojumlishwa, ikaonekana kwamba katika kila watumiaji mia wa uzazi wa mpango, tisini na saba ni wanaume. Watatu waliobaki walikuwa wajane, ambao hawakuwa na mkuu wa kaya wa kuwatumilia.

Waziri wa Uzazi Ulioratibiwa alilia redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "dunia imetusimanga muda mrefu kwamba mwanamume hashiriki. Leo, kwa unyenyekevu mkubwa unaosindikizwa na fahari isiyo na kipimo, natamka kwamba mwanamume wa nchi hii hashiriki tu. Amemwacha mke wake nyuma kabisa, hata vumbi lake halionekani."

Mtu akiambiwa shujaa asubuhi, ikifika jioni ameshaanza kutembea kishujaa. Havijawa alipita kwa kinyozi kupeleka mchele wa mke wa kinyozi huyo, akawakuta wanaume wanazungumzia afya zao.

"Jamani, hii sindano inanichosha," alikuwa anasema mmoja, povu kidevuni. "Kila miezi mitatu, kila miezi mitatu. Ukichelewa kidogo, hasara."

"Afadhali yako," akajibu kinyozi. "Mimi nina kitanzi."

"Wanasema hicho kinakaa miaka kumi."

"Hata kumi na miwili, ukijitunza."

"Na kinakaa wapi hasa?"

Kinyozi alisimamisha wembe, akafikiri. "Daftarini," akasema.

Kitwana naye alikuwapo, amevuka miguu. "Mimi kijiti changu huu mwaka wa tatu," akasema, "na wala sijawahi kusumbuka hata siku moja."

Havijawa akaweka mchele juu ya meza. Mwaka wa kwanza wa kijiti hicho alitoka damu ya matone siku arobaini, na Kitwana alimwambia asikae sana juani. Alimtazama mumewe kidogo, kama mtu anayepitisha kidole juu ya punje, akaenda zake.

*

Mwaka wa tatu maana yake ni kwamba kijiti kilikuwa kinakwisha. Kilibakiza wiki tatu.

Kwa mwanamke mwingine wiki tatu ni wiki tatu. Kwa Havijawa hazikuwa hivyo. Alipomzaa Siwema, mtoto wake wa tatu, presha ilipanda akashikwa na kifafa cha mimba, na siku mbili hakujua yuko upande gani wa dunia. Daktari alimwambia wazi: "Mama, safari hii umerudi ukiwa umeshafika mlangoni. Ukibeba mimba nyingine, mlango unaweza kufungwa ukiwa ndani." Kijiti hakikuwa urembo. Kilikuwa komeo.

Akaenda zahanati kwa sista Perpetua, yule aliyemwekea.

"Jina?" akauliza sista, kwa sababu fomu ilimtaka aulize, ingawa walikuwa wanafahamiana tangu mimba ya Riziki, mtoto wa kwanza.

"Havijawa."

Kidole cha sista kikatelemka kwenye daftari mpaka chini. "Wewe humo, mama Riziki. Mwenye kijiti ni Kitwana Sefu. Mtumiaji aje mwenyewe."

"Sista, kovu hili ni la mkono wako."

Sista Perpetua alichungulia mlangoni kwanza. "Nalikumbuka. Lakini mwenzangu wa kata ya pili alimbadilishia mwanamke kijiti. Wakamshitaki kwa kuchezea njia ya mume wa mtu. Sasa anafagia uwanja wa halmashauri, na cheti chake cha uuguzi kimo ndani ya kabati la Bwana Mwinshehe."

"Basi nipe kingine, ambacho hakijaandikwa jina lake."

Ukutani palikuwa na bango la njia zote, limebandikwa na wizara. Kutoa huduma kulikuwa na masharti, lakini kusoma bango kulikuwa bado hakujakatazwa, pengine kwa kusahauliwa. Sista akalisogelea pamoja naye, wakasimama kama watu wanaosoma ratiba ya mazishi.

"Vidonge hivi vya kila siku sikupi hata daftari likiruhusu," akasema kwa sauti ya chini. "Kwa presha yako vinaweza kukuletea kiharusi. Na hata mwenye afya akivisahau sahau, mimba inapita."

"Kitanzi je?"

"Hicho kingekufaa sana. Hakina homoni, kinakaa miaka. Hicho na kijiti ndivyo vya kuaminika, katika wanawake mia kwa mwaka hapati mimba hata mmoja. Lakini vimekwisha. Kinyozi na wenzake wameshavitumia vyote."

Havijawa akatikisa kichwa polepole. "Kondomu?"

"Nzuri, na ndiyo peke yake inayokinga na maradhi. Ila inataka mtu asiyeruka hata siku moja. Kwa jinsi watu wanavyoruka ruka, katika mia watashika mimba kumi na watatu. Kalenda nayo inataka siku zisizoyumba, na zako zinayumba. Na ile ya mwanamume kuchomoa mapema, mia moja wakiitegemea, ishirini wanakuja hapa kupima mimba mwaka haujaisha. Hiyo ni kumkabidhi fisi bucha."

Kidole cha Havijawa kikasimama kwenye picha ya mwisho, pembeni kabisa, iliyopaushwa na jua.

"Na hii?"

"Mwanamume kufungwa mirija. Ganzi, kidonda kidogo, nusu saa haifiki, anakwenda kwao kwa miguu yake. Mwanamke akifungwa ni kupasuliwa tumbo, na wewe sitaki upasuliwe bila sababu. Ila hii aitake mwenyewe, maana akishafungwa, kufunguliwa ni bahati nasibu. Na haishiki siku hiyo. Anakaa miezi mitatu akitumia kondomu, kisha analeta mbegu tuzitazame kwenye hadubini. Zikiwa hazipo, basi tena."

"Mtumiaji wake ni nani?"

"Mwanamume."

"Kweli kweli, au daftarini?"

"Kweli kweli, mama Riziki."

Wakatazamana wale wanawake wawili, hakuna aliyecheka.

*

Kitwana alikuwa uani anagonga bati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mwenye kupenda wanawe, na kama wacheshi wengi, jambo zito alilipisha kama gari la takataka, kwa kusimama pembeni.

"Baba Riziki, kijiti chako kinakwisha," akasema Havijawa.

Kitwana akacheka. "Changu?"

"Ndivyo lilivyosema daftari. Nimekwenda, wamenifukuza. Wanakutaka wewe."

"Wakanifanye nini? Mimi sina kitu mkononi. Hebu tuhesabu siku, mbona wazee wetu walihesabu."

"Wazee wetu walizaa kumi na moja."

"Basi nitakuwa makini. Nitachomoa."

"Siwema ni matunda ya umakini wako."

Nyundo ikatua mara mbili tatu. "Zipo kondomu," akasema, "ila wewe mwenyewe unajua. Ni kula pipi na ganda lake."

"Nami nikila jeneza na misumari yake?"

Hapo Kitwana hakucheka. Havijawa akamweleza kuhusu ile picha ya mwisho. Mumewe akasikiliza, na jinsi alivyosikiliza ndivyo magoti yake yalivyosogeleana.

"Unataka niwe maksai," akasema.

"Maksai hukatwa kitu kingine. Wewe unafungwa kijia tu. Mengine yote yanabaki kama ulivyoyakuta."

"Nani kakwambia?"

"Sista Perpetua."

"Sista Perpetua ameshawahi kuwa mwanamume?"

"Bwana Mwinshehe ameshawahi kuwa na kijiti?"

Kitwana akarudi kwenye bati lake. Havijawa akakaa na ungo, akimtazama kwa pembe ya jicho. Aliligonga pahala pamoja mpaka likatoboka.

*

Kumbe sifa za nchi zilikuwa zimefika mbali. Shirika moja la huko ng'ambo, linaloishi kwa kupima mataifa, likataka kuja kumwona mwanamume mwenye kijiti, kwa sababu vitabu vyao vyote vilikuwa havimjui. Waziri akasema waje hata kesho. Likafunguliwa daftari, likafunguka pa Kitwana.

Bwana Mwinshehe akaja nyumbani mbio, na safari hii alikaa.

"Kaka Kitwana, umeteuliwa kuwa Mtumiaji wa Taifa. Utavalishwa nishani, na kazi ya kuchimba barabara Jumamosi umesamehewa maisha."

"Lakini kijiti sina, mzee."

"Hilo ni jambo dogo la kiufundi."

Akatoa kiberiti mfukoni. Akachagua njiti iliyonyooka, akaikata kichwa chenye baruti kwa usalama, akailaza juu ya mkono wa Kitwana na kuifunga kwa plasta. "Akibonyeza, ataisikia," akasema. Kitwana alimtazama mkewe. Havijawa alikuwa anatazama plasta. Ilikuwa nyeupe sana.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Waziri alihutubia mpaka tarumbeta zikapata joto. Kisha daktari mmoja mgeni, bibi kizee mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, akamshika Kitwana mkono. Akabonyeza. Akabadilisha miwani. Akabonyeza tena, kisha akashika ncha ya plasta na kuivuta.

Njiti ikaanguka chini.

Uwanja mzima ukaitazama. Waziri akaikaribia ile njiti, akaiinamia kwa heshima, akainuka.

"Kama mnavyoshuhudia," akasema, "kimemaliza muda wake, kikatoka chenyewe. Huo ndio uwajibikaji."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa hakukuwa na cha kufanya kingine. Bibi kizee hakupiga. Alimwuliza Kitwana kwa lugha ya nchi, aliyoijua vizuri kuliko ilivyotarajiwa, "Na sasa unatumia nini?"

Kitwana akamtazama Waziri.

Waziri akasema daftari la nchi haliwezi kukaa na tundu. Akaamuru wiki isiishe kabla mtu huyu hajatiwa njia nyingine, na barua ipelekwe kwa wageni. Sherehe ikaisha. Watu walipokuwa wanatawanyika, Bwana Mwinshehe akamvuta Kitwana kando, bila kumwona Havijawa aliyekuwa nyuma ya spika.

"Usihangaike, kaka. Ijumaa nakuandikia kijiti kipya. Miaka mitatu, safi kabisa. Wewe kaa nyumbani."

Havijawa akasikia, na sasa akajua jiwe linaangukia jino gani. Kijiti kipya kikishaandikwa, nyumba yao itahesabiwa imehudumiwa. Kwa miaka mitatu hakuna sista atakayethubutu kumgusa.

*

Siku ya pili yake, baada ya chakula cha mchana, alikaa mbele ya mumewe akakunja mkono wa gauni.

"Shika hapa."

"Nishike nini?"

"Shika tu."

Kitwana akaweka kidole gumba. Miaka mitatu kimekuwa hapo, kwa kinyozi amekitangaza, na hajawahi kukigusa. Kilikuwa hapo chini ya ngozi, chembamba, kama waya wa mwavuli.

"Kumbe kigumu," akasema.

"Wiki ijayo kinakufa. Na Ijumaa wewe unaandikiwa kingine."

"Umesikia?"

"Nimesikia." Havijawa hakuondoa mkono, naye Kitwana hakuondoa kidole. "Siku ile ya Siwema, nikiwa sijijui, ulikuwa wapi?"

"Nje ya wodi."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa nahesabu bati za paa. Zilikuwa sitini na mbili. Nikazirudia, na kurudia. Nilijiambia, siku nikipata sitini na moja, atatoka mtu kuniambia umekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza anasema. Havijawa akashusha mkono wa gauni. Hakuongeza neno, kwa sababu alijua mchele ukishalowekwa mtu hakorogi.

Alhamisi asubuhi Kitwana alioga, akavaa suruali yake pana, akatoka bila kuaga. Akarudi saa saba mchana, anatembea kama mtu aliyebeba yai kati ya mapaja. Mkononi alikuwa na boksi la kondomu na cheti chenye mihuri mitano.

"Tayari," akasema, akalala kifudifudi, akajuta, akageuka.

Havijawa akamkandia kwa kitambaa cha maji baridi. Kidonda alikiona, kidogo, kama alivyoambiwa. Lakini plasta ilikuwepo pia, nyeupe, na yeye alishaona njiti ya kiberiti ikifungwa plasta. Cheti nacho kilikuwa na mihuri mitano, na katika nchi hiyo karatasi ya kweli ilikuwa na mmoja.

"Sista Perpetua alikuwepo?" akauliza.

"Alikuwepo. Nilimwambia kinauma. Akasema vumilia, utazoea."

Hilo lilikuwa na dalili ya ukweli. Hata hivyo boksi la kondomu akaliweka kwenye kopo la chumvi, pahala ambapo lazima apite yeye, na kila lilipofunguliwa alikuwa anaona. Kitwana hakuruka hata siku moja. Neno ganda likakoma katika nyumba ile.

*

Miezi mitatu haijaisha, Waziri akarudi redioni. Utafiti mpya umeonyesha kwamba mwanamume wa nchi hii amechoka. Amebeba mzigo wa uzazi wa mpango peke yake mwaka mzima, na afya yake ya moyo inatia wasiwasi. Kwa hiyo umetangazwa Mwaka wa Mama Shujaa, na njia zote zitahamishiwa kwa jina la mke.

Kazi ikafanywa usiku na mchana, na makarani hawakupewa maelezo zaidi ya hayo. Alichokuwa nacho mume, akaandikwa mke. Kwa mamilioni ya wanawake daftari likawa kweli kwa bahati mbaya. Kwa nyumba moja likasomeka hivi: *Havijawa Makame, mwanamke, miaka ishirini na tisa, kufungwa mirija ya mbegu za kiume.*

Siku ya kupima ilipofika Kitwana akaenda zahanati mwenyewe, na kichupa chake kwapani. Dirishani safari hii alikaa Bwana Mwinshehe, amehamishwa kwa kupandishwa cheo.

"Mtumiaji aje mwenyewe," akasema.

"Mtumiaji ni mimi, mzee. Mwaka huu huu umenipigia makofi."

"Hapa pana Havijawa Makame."

"Aliyekatwa ni mimi. Kidonda kiko kwangu, nikuonyeshe?"

"Kimehifadhiwa kwako," akasema Bwana Mwinshehe. "Kwani mbuzi wenu mmemfunga wapi?"

Kitwana alirudi nyumbani na masikio mekundu. Akapita uani, akarudi, akapita tena.

"Mke wangu, hii ni dhuluma. Mtu mwili ni wako, maumivu ni yako, halafu karani anakwambia haikuhusu. Unaona kweli hiyo?"

Havijawa aliendelea kuchambua. "Pole," akasema. "Utazoea."

Kitwana akamtazama. Kisha akakaa chini kabisa, juu ya bati, akainamisha kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Ilichukua muda Havijawa kujua kwamba anacheka.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Kitwana alibeba kichupa kipya, kwa kuwa cha jana hakifai tena, na Havijawa alibeba kitambulisho. Mmoja alikuwa na mbegu, mwenzake jina. Bwana Mwinshehe akatafuta kanuni ya kuwazuia, akakosa, ikabidi wapite. Katika nchi ile, hiyo ilikuwa nyumba ya kwanza kutimiza wajibu wa pamoja, na haikuandikwa popote.

Sista Perpetua akatayarisha kioo, akakiweka chini ya hadubini, ile ile ya kuangalizia malaria. Akatazama. Akaandika kitu.

"Hakuna," akasema. "Hongereni."

Kitwana akashusha pumzi ndefu. Havijawa hakuishusha yake.

"Sista," akasema, "naomba nione mwenyewe."

"Mama Riziki, nimekuandikia hapa, na muhuri nakugongea."

"Muhuri nimeuona. Naomba kutazama."

Sista Perpetua alimtazama, akasogeza stuli. Havijawa akakaa, akafunga jicho moja, akainama. Mikono akaiweka mapajani kama ungo upo. Akaanza pembe ya juu, akatelemka, akarudi, akamwomba sista asogeze kioo kidogo, akaanza tena. Huko nje watu wakaanza kugonga mlango. Hakuinua kichwa.

"Umeona nini?" akauliza Kitwana kutoka kwenye benchi.

"Sijaona kitu."

"Hata kimoja?"

"Ngoja kwanza," akasema Havijawa, akainama tena.